Waadhi juu ya Kuvumwani na Maji ya Udhu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni yakawa uhai wa kila kiumbe, akayafanya kuwa tohara ya waja wake watakao kusimama mbele yake. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na wote wafuatao mwendo wao hata siku ya Kiyama.

Ama baada ya haya. Mvua za masika zinapokwisha, katika misikiti ya pwani yenye birika za kale, huzuka swali lile lile kila mwaka. Maji ya birika yameingia rangi ya kijani. Kuta zake zimevaa nyuzi laini zenye kuteleza. Na penye ngazi ya kushukia pameota majani madogo, mororo kama mahameli. Hapo mmoja katika jamaa huteka maji kwa kata, akayatazama, akayamwaga, akasema, "Maji haya yamekwisha haribika, hayafai udhu." Mwingine humjibu, "Wazee walitawadha humu humu, nao walikuwa na dini kuliko wewe." Maneno huzidi, sauti zikapanda, hata sala ikakimiwa na wawili wale wangali penye birika, miguu mikavu, kila mmoja ataka kumshinda mwenziwe.

Basi na ijulikane kwamba jawabu ya mas'ala haya si ngumu katika madhehebu ya Imamu Shafi. Maji yaliyogeuka kwa kukaa kwake siku nyingi, au kwa udongo wa mahali pake, au kwa ule ukijani uzukao wenyewe ndani ya maji, ambao katika vitabu vya fikihi huitwa tuhlub, ni maji tahiri nayo yanatahirisha. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, nao ni mwaka 1277 wa Kizungu, ameieleza hukumu hii katika kitabu chake Minhaj. Na sababu yake ni dhahiri: kitu hicho ni vigumu kuyakinga maji nacho, na sheria haikuja kuwatia watu katika dhiki. Washereheshaji wakaongeza faida nyingine: lau mtu angeuchuma ukijani ule, akauponda, kisha akautia majini kwa mkono wake hata maji yakageuka mno, hapo hukumu ingekuwa nyingine, kwani kilichozuka chenyewe si sawa na kilichotiwa kusudi.

Mpaka hapa mas'ala ya udhu yamekwisha. Lakini yule aliyemwaga maji na yule aliyemjibu, wote wawili wamefanya kosa moja ambalo halimo katika mlango wa maji. Nalo ni kwamba wamekitazama kitu alichokiumba Mwenyezi Mungu, wakakidharau, wasiulize kimeumbwa kwa nini. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara amewajulisha waja wake kwamba haoni haya kupiga mfano wa mbu na kilicho zaidi yake. Walioamini hujua kuwa ni haki, na waliokufuru huuliza Mungu ametaka nini kwa mfano huo. Basi Muislamu asiwe katika wenye kuuliza swali hilo kwa kejeli. Naaulize kwa kutaka kujua.

Na katika birika ile yamekusanyika mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni ule ukijani wa majini, nao ni wa jamaa ya mwani. La pili ni yale majani mororo yaliyoota juu ya ngazi na ukuta wenye unyevu, nayo ndiyo kuvumwani inayokusudiwa katika waadhi huu. Kuvumwani si mwani, wala si kuvu ioteayo ngozi na mkate. Ni mmea kamili, una vijiti na vijani, ila udogo wake umeuficha machoni mwa watu. Wataalamu wa mimea wamehesabu aina zake duniani zikapata kama 12,000. Tena ina ndugu zake wawili: wa kwanza ni mimea-ini, iliyoitwa hivyo kwa kuwa baadhi yake ni bapa kama ini la mnyama, nayo aina zake ni maelfu, na wa pili ni mimea-pembe, ambayo spora zake hutoka katika vipembe vyembamba vyenye kusimama, nayo ni michache kuliko yote.

Hikima iliyomo katika umbo la mmea huu ni ya kustaajabisha. Mwembe una mizizi ya kuzama ardhini, na ndani ya shina lake mna mishipa ya kupandisha maji hata kileleni. Kuvumwani haikupewa mizizi ya namna hiyo, wala mishipa ya namna hiyo. Imepewa vinyuzi vidogo tu vya kujishikiza. Jani lake, katika aina nyingi, ni tabaka moja tu la chembe hai, jembamba kuliko karatasi. Basi hunywa kwa mwili wake wote. Mvua ikinyesha, hunywa; umande ukitua, hunywa; ukungu ukipita, huunasa katika vijani vyake, ukawa matone. Na kwa kuwa vijani vimesongamana, baina yake mna nafasi ndogo ndogo zisizo na idadi, na kila nafasi ni kama kikombe kilichowekwa tayari. Ndiyo maana fumba moja la kuvumwani likikamuliwa mkononi baada ya mvua, hutoka maji kana kwamba ni sponji.

Na jua likichomoza, mmea huu hauna namna ya kuyazuia maji yake. Hukauka, hujikunja, rangi yake ikapauka, na mwenye kuutazama husema umekufa. Hukaa hivyo siku, au wiki, na aina nyingine miezi na zaidi. Kisha mvua moja ikanyesha, na kwa muda mfupi ukafunguka, ukarudi kijani, ukaendelea na maisha yake. Mwenyezi Mungu amewaelekeza waja waitazame ardhi, jinsi iwavyo nyonge na kavu, kisha maji yanapoishukia hutikisika na kuumuka. Akawaambia kwamba aliyeihuisha ndiye atakayehuisha wafu. Mtu wa pwani hungoja msimu mzima aione dalili hiyo shambani. Katika ukuta wa birika ya msikiti wake huweza kuiona baina ya alasiri na asubuhi, lau angetazama.

Sasa na asemaye aseme: Hayo ni kweli, lakini manufaa yake kwa watu ni nini? Kuvumwani hailiwi, haijengi nyumba, wala haiuzwi sokoni. Jawabu yake haiko pwani. Hapa pwani jua ni kali, na kuvumwani ni haba. Hukaa pembeni mwa kuta na chini ya mitungi. Makao yake hasa katika nchi za joto ni juu milimani, mahali ambapo mawingu hukaa juu ya miti. Mwenye kutaka kuijua daraja yake na aifuate huko, kwa njia ile ile ishukayo maji.

Milima ya Uluguru iko juu ya mji wa Morogoro. Katika milima hiyo huanza mto Ruvu, ukashuka, ukapita nchi tambarare, hata ukaingia baharini karibu na Bagamoyo. Katika mto huo mji wa Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake, ya kunywa, na ya kufulia, na ya kutawadha. Mwenye kupanda Uluguru hata kufikia mita 2,000 na zaidi juu ya bahari hukuta msitu wa ajabu. Miti yake ni mifupi na imepinda, na mawingu hupita baina yake mchana na usiku. Haionekani ganda la mti hata moja, kwani kila shina na kila tawi limevikwa kuvumwani na mimea-ini, nene kama godoro, nyingine zikaning'inia kama ndevu za mzee.

Mtaalamu wa mimea, Tamás Pócs, mtu wa Hungaria, aliichunguza misitu hiyo, na mwaka 1980 akatoa hesabu yake. Aliipima mimea iotayo juu ya miti, ambayo katika msitu wa juu sehemu kubwa ni kuvumwani na jamaa zake, pamoja na udongo uliokusanyika humo. Katika msitu ulio chini zaidi, kiasi cha mita 1,400, uzito wake mkavu ulikuwa kama tani 2 kwa kila hekta, nayo ni eneo la eka mbili na nusu. Katika msitu wa mawinguni, kiasi cha mita 2,100, uzito ulikuwa kama tani 14 kwa hekta. Na maji yawezayo kunaswa na mimea hiyo katika mvua moja, katika hekta moja ya msitu huo wa juu, ni kama lita 50,000.

Na hesabu hii ipimwe kwa kipimo cha dini. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji. Mudi haizidi robo tatu ya lita. Basi maji yaliyoshikwa na majani yale manyonge, katika eneo la eka mbili na nusu, kwa mvua moja, lau yangegawanywa kwa sunna yangewatosha watu zaidi ya 66,000 kutawadha. Na hakuna aliyeyajengea birika, wala aliyeyachimbia kisima, wala aliyelipwa ujira.

Maji hayo hayabaki yote. Mengine hurudi angani kwa joto la jua. Mengine hudondoka pole pole, tone baada ya tone, juu ya majani yaliyooza na udongo wa msitu, nao udongo huyapokea na kuyazamisha, hata yakatokea chini kuwa chemchemi. Kuvumwani haifanyi kazi hii peke yake. Miti, na majani makavu, na mizizi, na udongo wote ni washirika. Lakini yeye ndiye mlango wa kwanza. Mvua ya kishindo huijia akaivunja nguvu, isiuchukue udongo; na ukungu usiokuwa mvua, ambao ungepita tu na upepo, huunasa akaufanya maji. Mvua ikisha siku kadhaa, mto ungali unakwenda. Na mtu wa mjini akifungua bomba hudhani kwamba maji yametoka ukutani.

Wala si Uluguru peke yake. Maji ya mji wa Tanga hutoka katika mto Zigi, nao huanza katika misitu ya Usambara ya mashariki, ambako mimea-ini midogo huota hata juu ya majani ya miti mingine. Na mji wa Mombasa, tangu miaka ya 1950, hupokea sehemu ya maji yake kwa bomba litokalo chemchemi za Mzima. Maji ya Mzima ni mvua na ukungu wa vilima vya Chyulu, vilivyo na msitu wa mawingu juu yake. Huzama katika majivu na mawe ya volkeno, yakasafiri chini ya ardhi, kisha yakabubujika masafi. Basi miji hii ya pwani, yenye misikiti na madrasa na minara, imefungamana na milima ambayo wengi wa watu wake hawajapata kuipanda.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Mu'minun amesema, kwa maana yake, kwamba ameteremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo, akayatuliza katika ardhi, na kwamba yeye ni Muweza wa kuyaondoa. Maulamaa wamezingatia maneno matatu katika aya hii: kuteremsha, na kutuliza, na kuondoa. Watu wengi hushukuru la kwanza, mvua inaponyesha. Wachache hulikumbuka la pili, kwamba maji yakiteremka bila ya kutulizwa huwa gharika asubuhi na kiu jioni. Na la tatu husahauliwa na wote mpaka siku litakapotokea. Mwishoni mwa mwaka 2021 mvua zilichelewa, maji ya Ruvu yakapungua, na mji wa Dar es Salaam ukagawiwa maji kwa zamu. Watu waliamka usiku wakangoja na ndoo. Kupungua kule kulitokana na ukame, wala si ruhusa kumtupia lawama mtu kwa jambo la mbinguni. Lakini mwenye akili alipoona jinsi mji mkubwa unavyotegemea mto mmoja, alipaswa kuuliza: huko uanzako mto, kinachoyatuliza maji kingali salama?

Na habari ya huko si ya kufurahisha. Katika milima mingi msitu hukatwa kwa ajili ya shamba, na hukatwa kwa ajili ya mbao, na huchomwa moto. Kilimanjaro, ambako huanza maji ya mto Pangani, miti ya mkulo ilikatwa kwa maelfu kinyume cha sheria, ikapasuliwa mbao; na moto uliowaka mara kwa mara juu mlimani uliuteremsha mpaka wa juu wa msitu, mahali pale pale ambapo ukungu hunaswa. Mti ukianguka, jua hupenya, upepo mkavu huingia, na kuvumwani iliyokuwa juu yake hufa pamoja nao. Wala hairudi upesi. Misitu ya mawingu ya mfano huu iko pia Marekani ya Kati, na huko, katika milima ya Monteverde ya nchi ya Costa Rica, mtaalamu Nalini Nadkarni aliyabandua matawi mavazi yake ya kuvumwani ili aone yatarudi kwa muda gani. Miaka ilipita, na matawi yangali karibu matupu. Ndugu Muislamu na atie moyoni: kilichobanduliwa kwa alasiri moja huweza kushinda umri wa mtoto kurejea.

Mtu wa pwani akisikia haya huwa na majibu mawili tayari.

Jibu la kwanza husema, "Hayo ni mambo ya watu wa bara. Wao ndio wenye mashoka." Lakini mbao ikatwayo mlimani haikatwi ili ioze pale. Hushuka kwa gari usiku, ikafika bandarini na mitaani, ikawa mlango, na kitanda, na kabati la nguo. Mnunuzi huitazama rangi yake, akainusa harufu yake, akabishana bei, na swali moja tu hakuliuliza: imetoka wapi, na kwa idhini ya nani? Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba haijuzu kudhuru wala kulipana madhara. Mwenye kununua kitu akijua kwamba kimechukuliwa bila ya haki amemsaidia mchukuaji, na msaidizi ana fungu lake katika dhambi. Na ubaya zaidi ni kwamba mbao hiyo huenda ikawa mlango wa msikiti, ukafunguliwa kwa bismillahi, na ndani yake watu wakalia kwamba birika haina maji.

Tena Mtume amewajulisha watu kwamba wao ni washirika katika vitu vitatu: maji, na malisho, na moto. Mshirika hawezi kusema "si yangu" siku ya kulinda, akasema "ni yangu" siku ya kuteka. Naye Mtume mwenyewe aliiharimisha Madina, akakataza miti yake isikatwe. Na katika bonde la Naqi aliweka hima, mahali palipolindwa kwa maslaha ya Waislamu wote. Basi kulihifadhi pori kwa ajili ya umma si uzushi uliotoka Ulaya. Ni jambo lililofanywa na Mtume kabla ya serikali hizi zote kuwako.

Jibu la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa limevaa nguo ya dini. Mtu husema, "Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Akitaka hunyesha hata jangwani. Kuvumwani ni nini mbele ya kudra yake?" Maneno yake ya kwanza ni kweli, na natija aliyoitoa ni batili. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, na mtungi pia ni wa Mwenyezi Mungu. Mtu aliyeuvunja mtungi wake kwa mkono wake, kisha akakaa akasema, "Natawakali," huyo hakutawakali; amevunja amana, akataka Mola wake amfidie. Bedui alipomwuliza Mtume juu ya ngamia wake, aliamrishwa amfunge kwanza kisha atawakali. Na kuvumwani ni kamba katika kamba alizozifunga Mwenyezi Mungu mwenyewe kuyazuia maji yasikimbie. Mwenye kuikata asitaje tawakali.

Na uko mfano katika Qurani ambao mwenye kuijua kuvumwani huufahamu kwa moyo wake wote. Katika Sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu amemfananisha mtu atoaye mali yake ili aonwe na watu na jiwe laini lililo na udongo juu yake: mvua kubwa ikalipiga, ikaliacha tupu. Kisha akamfananisha atoaye kwa kutaka radhi zake na bustani iliyo juu mahali palipoinuka: ikifikiwa na mvua kubwa huleta matunda maradufu, na isipofikiwa na mvua kubwa, basi umande huitosha.

Na azingatie mwenye kuzingatia. Vumbi likianguka juu ya jiwe tupu, hukaa kwa kitambo, na anayelitazama kwa mbali hudhani kuwa ni ardhi. Lakini hakuna kinacholishika. Ama jiwe lililootwa na kuvumwani, vumbi likilifikia hunaswa. Na majani yakifa huongezeka juu yake. Na baada ya miaka huwa udongo wa kweli, na mmea mkubwa zaidi ukapata pa kusimama. Mvua ile ile iliyolivua jiwe la kwanza, hulinywesha la pili. Tofauti ya mawe mawili haikuwa katika mvua, wala katika vumbi. Ilikuwa katika kile kitu kidogo chenye kushika. Na amali za mja ni hali kadhalika. Sala, na saumu, na sadaka, huwa juu ya mtu kama vumbi juu ya jiwe, mpaka iwepo ikhlasi ya kuzishika. Nayo ikhlasi haionekani, haina sauti, wala haisifiwi barazani. Walakini siku ya mvua kubwa ndiyo itakayobakisha kilichobaki.

Kwa ajili ya haya yote, yako mambo manne yaliyo juu ya Muislamu wa pwani.

La kwanza, asifanye israfu ya maji, hata katika udhu. Kuzidisha juu ya mara tatu ni makuruhu, na kuliacha bomba wazi huku mtu akizungumza na mwenziwe ni ubaya juu ya ubaya. Mtu ambaye maji yake yamepita katika mikono midogo isiyohesabika hata yakamfikia, si adabu kuyamwaga.

La pili, anunuapo mbao aulize asili yake. Na akitia shaka, aache. Mwenye kujiepusha na mambo ya shaka ameisalimisha dini yake na heshima yake.

La tatu, mahatibu na walimu wawakumbushe watu jambo hili katika hutuba na darasa, kama wawakumbushavyo juu ya riba na ulevi. Kwani haramu si ile tu iliyozoeleka kutajwa. Na wenye mali, badala ya kushindana kwa minara mirefu, watie fungu katika kupanda miti na kulinda vyanzo vya maji, maadamu Mtume amefundisha kwamba kila apandacho Muislamu, akala ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka.

La nne, asikidharau alichokiumba Mwenyezi Mungu kwa sababu ya udogo wake, wala asikitukuze kupita mpaka wake. Isidhaniwe kwamba kwa waadhi huu ngazi za birika ziachwe ziteleze. Wazee huteleza, na mifupa yao huvunjika. Na kuondoa udhia katika njia ni tawi katika matawi ya imani. Basi ngazi na isuguliwe, na kuta za birika zisafishwe, na milima iachiwe vazi lake. Kila kitu kina mahali pake, na hikima ni kujua mahali pa kila kitu.

Ama wale wawili waliobishana penye birika, na wasikizane. Maji yale yalikuwa tahiri, na udhu ungesihi. Aliyeyamwaga alipoteza maji, na aliyebishana alipoteza jamaa, na ile kuvumwani ya ngazini, waliyoikanyaga wote wawili wasiitazame, ilikuwa ikimsabihi Mola wake kwa lugha ambayo watu hawaifahamu, kama ilivyoelezwa katika Sura ya Al-Israi kwamba hapana kitu ila humsabihi kwa sifa zake.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu macho ya kuona, na nyoyo za kushukuru, na mikono ya kulinda. Awanyeshee mvua ya rehema isiyokuwa ya adhabu, ayatulize maji yake katika ardhi yao, wala asiyaondoe kwa sababu ya madhambi yao. Na azipokee amali zao, azitilie ikhlasi ya kuzishika siku ambayo kila jiwe litaonekana lilivyo.

Wallahu aalam. Wabillahi taufiki.